Mama Viungo Anaondoka, Mzigo wa Vichwa vya Gundi Unasubiri

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kukagua vitu vya kuchezea katika stoo yetu, Mama Viungo anastaafu rasmi Ijumaa hii. Ofisi imeniomba niandike maneno ya furaha. Nitajaribu, ila wasomaji mnisamehe, nina hasira za kutosha.

Alianzia kwenye kufungasha maboksi. Alipohamishiwa ukaguzi, alipewa midoli ya wanamieleka kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Kila mzigo ulipofika, alichukua mwanamieleka mmoja wa kila kiwanda, akawapambanisha mezani wakati wa chai: huyu anabwagwa chini, yule anakunjwa miguu, mwingine anavutwa kichwa. Sisi tulishangilia na kuchagua upande. Wa kiwanda cha boksi jekundu walikuwa wazito, magoti yao yanakunjika na kurudi. Wa kiwanda cha boksi la bluu walikuwa na sura nzuri kuliko wengi wetu, lakini mabega yalilegea kabla chai haijapoa. Wa kiwanda cha tatu aliwaita wagonjwa, na hakuwa anatania.

Mwaka mmoja alirudisha mzigo mzima kwa sababu kila mwanamieleka alikuwa na mikono miwili ya kushoto. Ofisini walikuwa wameshausifia kwa rangi zake. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka, na hata meneja alicheka.

Sasa hacheki. Wiki iliyopita kiwanda cha tatu kilileta mzigo wa bei rahisi, vichwa vimebandikwa kwa gundi. Mama Viungo alizungusha kimoja, kikabaki kiganjani, kidogo kiasi cha kuingia kooni mwa mtoto. Akaukataa mzigo. Meneja akamwambia mbele yetu, "Mama, wewe si unaondoka Ijumaa? Basi tusisumbuane." Tulielewa sote: mzigo unangoja aondoke, kisha upelekwe madukani. Na ile meza ya ukaguzi itatolewa, eti inabana njia. Hivi ndivyo mtu anavyoagwa? Unamkatia keki huku unangoja atoke mlangoni ili umzunguke. Ni aibu, na naiita aibu.

Yeye hakubishana. Alisema tu kwamba ana wajukuu, na mtoto huanza kucheza kwa mdomo. Kisha akakiweka kile kichwa juu ya meza ya meneja, akaenda kula. Sijawahi kuona mtu akikasirika kwa utulivu namna ile. Mimi siwezi, ndiyo maana naandika.

Mama, asante. Asante kwa ukali wako, na kwa niaba ya watoto wasiokujua, ambao hawakukabwa na chochote kilichopita mikononi mwako. Nenda nyumbani, ulale mpaka jua liwe kali, uwadekeze wajukuu, na afya isikupungukie. Jumatatu meneja ataagiza yale maboksi yafunguliwe. Wapakuaji, wapangaji na mimi tumeshakubaliana: hakuna atakayeyafungua.