Mama Matope na Mfalme Aliyehama

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika idara ya historia ya makumbusho yetu, mtafiti mkuu ambaye sote tunamwita Mama Matope anastaafu rasmi tarehe 30 Juni.

Alipoajiriwa, chumba cha ufalme wa kale kilikuwa na mkuki, ngoma iliyopasuka, na kibao kilichosema kwamba mfalme wa mwisho alikuwa mwoga: aliuacha mji wake mlimani bila hata kupigana. Wageni walisoma, wakacheka, wakapita. Mama Matope alisema mtu haachi makaburi ya babu zake hivi hivi tu, akaanza kuuliza maji yalikuwa wapi.

Jibu alilifuata ziwani, chini ya mlima ule. Mvua na ukame wa kila mwaka huacha tabaka lake la tope chini ya ziwa, naye alitaka kuyachota matabaka yote kwa bomba refu. Siku ya kuyachota ziwa lilichafuka kwa upepo, chelezo alichopanda kikapinduka. Dereva wetu wa mashua akamtupia kamba akipiga kelele, "Mama, achia bomba, shika kamba!" Akajibiwa, "Funga bomba kwanza, mimi naogelea!" Walipofika nchi kavu ndipo dereva alipogundua kuwa Mama hajui kuogelea hata kidogo.

Bomba lilipopasuliwa maabara, tuliona tope jeusi, jeusi, kisha ghafla vumbi jeupe, nene kama kiganja: ukame wa kizazi kizima. Akalinganisha na masimulizi ya majirani wa ufalme ule. Wakati huohuo dola mbili kubwa, zote na bunduki zao, zilikuwa zikigombea njia ya chumvi iliyopita mlimani. Mfalme alibanwa kotekote. Akawahamishia watu wake kwenye mto usiokauka, akamwoza binti yake upande mmoja, akapeleka chumvi upande wa pili, na watu wakaishi.

Kibao kipya kilipotundikwa, alikuja bibi mmoja wa ukoo ule, ambao vizazi na vizazi umetaniwa kuwa ni wa wakimbiaji. Alisimama mbele ya lile tope ndani ya kioo, akavua viatu. "Kumbe babu alituvusha," akasema.

Asante, Mama Matope, kwa ukaidi wako. Tunasikia wajukuu wameshachimba shimo nyuma ya nyumba, wanakungoja. Tunakutakia maisha mema, magoti yenye nguvu, na ardhi yenye mengi ya kukusimulia.