Vichupa vya Mama Gladwell

Mchungaji, wazazi wetu na majirani mliovuka maji leo, mnivumilie kwa sauti yangu ndogo, maana nimebeba habari njema ambayo Mama aliingojea.

Mama Gladwell Wawira alizaliwa tarehe 12 Machi 1961 huko Gachoka, mtoto wa sita wa marehemu Mzee Gachoki na marehemu Nelius, akasoma hadi darasa la saba mwaka wa 1976, kisha akawa fundi wa kushona sare za shule. Tarehe 4 Desemba 1982 alifunga ndoa na Mzee Elphas Runji, wakajaliwa watoto watatu, nao wakaishi kwenye kilima hiki ambacho bwawa lilipojaa kilibaki kisiwa, watu wakawa wanaoga, wanafua na kuchota maji mahali pamoja.

Mwaka wa 2016 alichaguliwa kuwa mhudumu wa afya, na Machi 2019 akagawa vichupa themanini na vitatu, kila mtu na chake, ili mkojo wetu upimwe kichocho, kwa sababu dawa ya kisiwa kizima ingeletwa tu wagonjwa wakiwa wengi. Majibu yalisema wagonjwa ni kumi na wanane, na dawa haikuja, ingawa Mama alijua watoto wanakojoa damu. Ndipo mimi Ann, niliyekuwa nimeolewa na mwanawe Njeru miezi miwili tu, nikaungama kwamba akina mama walinijia kwa siri, wakiona aibu ya mkojo wenye damu, wakisema, "Wewe umetoka Ishiara, mkojo wako ni safi, tujazie," nami nikaona haya kukataa, nikanywa chai siku nzima, nikajaza vichupa hamsini na viwili.

Mama alicheka hadi akaketi chini, akasema, "Mtoto wa Ishiara, umetibu kisiwa kwa chai!" Jumapili iliyofuata akainua kichupa chake mbele ya kanisa, chekundu, akauliza nani anamcheka, na hakuna aliyecheka. Tulipimwa upya, wagonjwa wakawa sitini na wanne, dawa ikaja, tukaimeza kila mwaka baada ya kula muthokoi wa mahindi na maharagwe, tukachimba vyoo mbali na maji.

Agosti 2024 alipatikana na saratani ya kibofu, ambayo madaktari walisema ililetwa na kichocho cha miaka mingi, akatibiwa Embu, na kila asubuhi aliuliza kama majibu ya vichupa tulivyojaza Januari yamefika, mpaka alipotuacha tarehe 6 Februari 2026, saa nne asubuhi.

Yalifika jana. Kati ya watu themanini na saba, wagonjwa ni wawili, wawili tu, na watoto wote ni wazima, hata Gladwell wangu mdogo aliyepewa jina lake!

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Embu, wahudumu wenzake, na majirani mliombeba kwa machela hadi kwenye boti kila alipokwenda kutibiwa.

Pumzika kwa amani, Mama, safari hii kila mtu alijaza chake mwenyewe.