Mtoto wa Mroivili Hasemi

Benchi letu lilikuwa mtaa wa Ampisikina, mjini Mahajanga, limeegemea ukuta wa nyumba ya Mroivili, muuza kahawa. Ulikuwa mwaka wa pili tangu Wamalagasi wapate uhuru kwa Mfaransa, na kila mtu alikuwa na maoni. Mmadi tulimwita Redio, ila redio ya kweli huzimwa. Msaidié, fundi cherehani, jina lake lilikuwa Kesho, maana ndipo suruali yako itakapokuwa tayari. Athoumani alikuwa Daktari, kwa sababu aliwahi kulazwa hospitali wiki nzima. Na mimi, msikilizaji. Tulisema Kikomoro tukikichovya katika Kimalagasi. Hapa nawasimulia kwa Kiswahili tuelewane.

Asubuhi hiyo Mroivili alitumiminia kahawa, kisha akaketi mwenyewe, jambo asilolifanya kamwe.

— Nina neno, akasema. Yule mtoto.

Tulimjua. Mroivili na mkewe Faouzia hawakujaliwa kuzaa, na miezi michache nyuma walikuwa wamemchukua Mariama, binti wa miaka mitatu na ushei, kutoka nyumba moja ya yatima kule kisiwani Nosy Be. Huko watoto walikuwa wengi na mlezi mmoja. Chupa ya maziwa iliegemezwa kwenye kitambaa, mtoto akanywa peke yake huku akitazama dari. Aliyelia alilia mpaka akachoka, basi mwishowe hakuna aliyelia. Mariama alipofika alikaa mkekani akijisukasuka mbele na nyuma. Hakusema. Akianguka, aliinuka kimya.

— Msimamizi wa ile nyumba ya yatima yuko mjini, akasema Mroivili. Kesho anarudi na boti. Alimtazama mtoto kidogo tu, akasema kichwa chake kizito, hafunziki. Anataka jibu: tunabaki naye, au tunamrudisha.

Hapo ndipo Mroivili alipokosea. Alituuliza sisi.

— Jambo jepesi, akasema Redio. Mtoto amelazwa chali miaka mitatu. Akili ni kama kahawa, ukiiacha inatuama. Yake yote iko kisogoni. Mtikise.

— Nimtikise?

— Taratibu. Haba na haba hujaza kibaba.

— Usimsikilize, akasema Kesho. Tatizo ni lugha. Hapa anasikia Kikomoro, kwa jirani Kimalagasi, dukani Kifaransa. Zote tatu zimefika kooni kwa pamoja, kama wanene watatu mlangoni. Hakuna anayempisha mwenzake.

— Na dawa yake?

— Subiri mmoja akonde.

Daktari alikohoa, kama wakohoavyo madaktari.

— Mnacheza na maisha ya mtu. Wahenga wamesema, samaki mkunje angali mbichi. Maana yake, mtoto alishwe samaki mbichi. Kichwa cha samaki ndicho chenye akili.

— Samaki mwenye akili angekuwa sokoni? akauliza Kesho.

— Huyo amekamatwa kwa bahati mbaya. Hata wewe waweza kukamatwa.

Redio hakupenda kushindwa. Akaweka kikombe chini.

— Nitawaambia ukweli sasa. Huyu kazaliwa lini? Kabla ya uhuru. Maneno yake yaliandikishwa na Mfaransa. Mfaransa alipofungasha, alifungasha na yasiyo yake. Maneno ya mtoto huyu yako bandarini Marseille, yanangoja meli.

Kila mmoja wetu akaiwaza meli ile.

— Dada yangu Fatoumia anasema mtoto ni debe tupu, akasema Mroivili kwa sauti ndogo.

— Haiwezekani, akasema Kesho. Debe tupu ndilo lenye kelele. Huyu kimya. Basi amejaa.

Akamtazama Redio kwa muda mrefu.

Mroivili hakucheka. Vidole vyake vilikuwa vikizungusha kikombe, na niliona kwamba usiku hakulala.

Ndipo Faouzia akatoka ndani, mtoto kiunoni. Wanawake hawakuwa na desturi ya kusimama pale, tukajitengeneza.

— Ukuta huu mwembamba, akasema. Nimesikia mpaka Marseille.

— Shemeji, tunashauriana tu, akasema Daktari.

— Alipokuja hakujua kwamba mtu akiitwa hugeuka. Kule nani alimwita? Nikipika namwambia, hiki kitunguu, huu moto, usiguse. Mwanzoni nilikuwa kama nasema na sufuria. Halafu siku moja akaanguka uani akalia, akanikimbilia. Nilimshukuru Mungu, jirani akadhani nimerukwa na akili. Na juzi kaonja mchuzi, akaniambia, chumvi.

— Chumvi? akauliza Mroivili.

— Nilisahau kuitia.

— Mbona hukuniambia?

— Ulikuwa hapa, na hawa.

Mroivili alimtazama mtoto kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

— Atakuja kuwa kama wenzake?

— Sijui, akasema Faouzia. Pengine mengine yatamchelewa. Msimamizi nimeshamwendea alfajiri.

— Ukamwambia nini?

— Boti isimngoje mtoto.

Akamketisha Mariama benchini, katikati yetu, akarudi jikoni kwenye maandazi yake yaliyokuwa yakiungua.

Tukabaki naye. Daktari akainama.

— Mwanangu, sema: jamhuri.

Kimya.

— Sema: samaki.

Mtoto alikuwa akimwangalia Redio, masharubu yake, mikono yake mikubwa iliyolala magotini bila kazi. Akamsogelea. Sauti ilikuwa nyembamba, na maneno yalitoka moja moja, kama anayaopoa kisimani.

— Wewe, nani anakupakata?

Redio alifungua kinywa. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini, mke hana, chumba chake cha kupanga nyuma ya msikiti. Kwa miaka yote niliyomjua hakuwahi kukosa jibu, hata kwa maswali yasiyomhusu. Akamtazama Kesho. Kesho akatazama viatu vyake. Daktari akakohoa, na safari hii kilikuwa kikohozi cha mgonjwa.

Mroivili akamwinua mtoto, akamweka mapajani mwake.

— Kahawa imekwisha, akatuambia.

Dele la kahawa lilikuwa bado linatoa mvuke. Tuliinuka mmoja mmoja, tukamwamini.