Mama Ernestine na Vitovu vya Kutoka Nyumbani

Mama Ernestine Munyaneza anastaafu rasmi leo, tarehe 14 Desemba 2019, baada ya kufundisha ususi wa vikapu katika kituo chetu cha jamii hapa ughaibuni, mjini Roseville, kwa miaka minane. Kwa muda huo wote tulimpenda sana. Tulimshuku vilevile, na kwa kuwa mwenyewe anajua, sioni kwa nini nifiche kwenye sherehe yake.

Alianza mwaka 2011, familia yake haijamaliza hata mwaka tangu ifike kutoka kambi ya wakimbizi. Aliingia na mfuko wa nyasi na nyuzi za rafia, akatukalisha sisi wauguzi tuliotoka zamu macho mekundu, akatufundisha kuzungusha nyasi na kuzishona kwa sindano. Jameni, hana huruma! Ukilegeza mshono anafumua kazi yako yote huku akikupa pole. Lakini vikapu vya darasa lake vimepamba nyumba hadi mji wa Eden Prairie, na mabinti wanaowajibu mama zao kwa Kiingereza tu walikuwa wakigombania sindano zake kwa Kiswahili safi.

Shida ilikuwa kitovu. Kikapu cha aina hii huanzia katikati, pale nyasi zinapobanwa na kukunjwa mara ya kwanza, na pakilegea hapo kikapu kizima kinapinda. Mama Ernestine alikuja na vitovu vimeshaanzwa. Kila Jumamosi alitugawia kutoka kwenye mfuko, sisi tukaendeleza. Tukimwomba atuonyeshe mwanzo, alisema kwao kitovu hakianzwi mbele za watu.

Tukaendelea kushona, maana mila ya mtu utaibishia nini? Mpaka mama mwingine kanisani, Mkongo kama yeye, akatuambia hajawahi kusikia mila hiyo tangu azaliwe. Makubwa! Mwenzetu Wambui, ambaye angekuwa askari kama asingekuwa muuguzi, akasema basi vinanunuliwa, akazunguka maduka wikendi nzima asivione. Mimi nilisema anatubania ili tusiweze kufanya lolote bila yeye. Na huyo mumewe, Mzee Munyaneza, kwa nini alikaa ndani ya gari kwenye theluji hadi darasa liishe, akichungulia dirisha letu? Ukimpungia mkono, anajifanya anasoma Biblia. Hapo pana jambo, tulisema.

Mwezi uliopita mambo yakawa mazito. Mkurugenzi wetu, Jairus, alitangaza kwamba asipopatikana mtu wa kuanza vitovu, darasa litafungwa Mama akistaafu. Mama Ernestine aliinamisha kichwa, akaendelea kushona. Nilikasirika, kusema kweli. Ni mtu gani huyu anayeona heri darasa lake life kuliko kutoa siri?

Jumamosi iliyopita mlango ulifunguka, akaingia Mzee Munyaneza, amevaa tai. Mzee ni shemasi, na huko kwao wanaume walichunga ng'ombe. Mwanamume akishika sindano ya kikapu, anachekwa hadi na wakwe. Alivuta kiti, akachukua nyasi, akaanza kitovu mbele yetu sote. Kitovu kilitoka kimebana sawasawa. Ndipo akatueleza kwamba mkewe aliungua mkono kule kambini. Kushona anaweza, ila nguvu ya kubana mwanzo hana tena. Tangu hapo vitovu vyote huanzwa na yeye mume, na kule garini alikuwa akichungulia kama vinashika; ni yeye pia aliyemwapisha mkewe asimwambie mtu. Alisema heri achekwe na kanisa zima kuliko kuona darasa la mkewe likifungwa.

Hakuna aliyecheka. Mama Ernestine alilia waziwazi, na sisi tukamfuata. Wambui alisogeza kiti karibu na Mzee, akamwomba arudie tena, polepole. Jairus ameshampangia Mzee Jumamosi zote kuanzia Januari, aje kufundisha mwanzo.

Asante, Mama, kwa kila mshono uliotufumulia, na kwa kumstahi mumeo miaka yote hii huku sisi tukikusema. Sasa Jumamosi ulale hadi utakapochoka kulala, unywe chai yako ingali moto, na Mungu akujalie siku nyingi za raha. Uende salama, Mama yetu. Mzee tunabaki naye.