Dizeli ya Septemba

Kijiwe hiki kiko ndani, kwa sababu nje hakukaliki. Ni benchi la mbao katika laundri moja ya Black Rock, Buffalo, mbele ya mashine za kukaushia nguo, ambapo wazee wa Burundi na wa Kongo wasio na zamu kiwandani hupasha migongo na kunywa kahawa ya Sipriani. Asubuhi hiyo ya Januari 2015 walikuwa na mgeni, Jovini, aliyetoka Louisville, Kentucky, mtaa wa Newburg, na basi dogo la kanisa kuja kumchukua Umuhoza, mchumba wa mtoto wa kaka yake. Harusi ni kesho, na basi limelala barabarani, haliwaki. Jovini alikuwa ameingia tu na kuweka kidumu cha njano sakafuni.

Sipriani, ambaye wote humwita Utingo kwa sababu ujana wake aliumaliza juu ya malori ya Kasulu, ndiye aliyekifungua. Wakachungulia. Dizeli ilikuwa nyeupe, imeshikana kama mafuta ya kupikia ya kopo.

— Hii siyo dizeli, alisema Utingo. Nimelalia mapipa ya dizeli miaka mingapi, sijaona inayochoteka kwa kijiko.

— Niliinunua mwenyewe, alisema Jovini. Nikiangalia.

— Uliangalia bomba. Chini kwenye tangi uliingia?

Utingo akashikilia kwamba mwenye kituo kule Kentucky anachanganya dizeli na mafuta ya kukaangia kuku, tena yaliyokwisha kutumika. Karaha akatikisa kichwa. Huyu ni wa milima ya Kivu Kusini, na kijiweni wanamwita Konsili, yaani mshauri, maana hakuna sheria ya Marekani asiyoweza kuieleza.

— Bon, si kuku. Kentucky ni inchi ya farasi. Farasi ikizeeka inaendaka wapi? Ulishaona kaburi ya farasi? Donc, iyi mazutu, iyi dizeli yako, iko na mafuta ya farasi, na farasi ya kule haizoee baridi ya huku.

Jovini akaketi kando ya kidumu chake. Akawaeleza kwamba njiani alilala Columbus kwa Leonardi, dereva wa malori, naye akampa chupa ya dawa ya kuzuia dizeli isigande. Aliitunza vizuri chini ya kiti, na asubuhi gari lilipogoma akaimimina yote. Karaha akaomba chupa, akavaa miwani, akasoma Kiingereza polepole, kisha akaishusha magotini.

— Wameandika itiwe mbele ya baridi. Ikishaganda, haifanye kitu.

Jovini akasema fundi aliyempigia simu alimweleza hayohayo na zaidi: ndani ya kila dizeli mna nta, na wauzaji wa huku kila majira ya baridi huichanganya na mafuta mepesi isije ikaganda. Basi livutwe hadi gereji yenye joto, na gereji ina nafasi Jumatatu.

— Nta? aliuliza Utingo. Nta ya mshumaa? Miaka yote ile nilikuwa nabeba mishumaa?

Wa tatu alikuwa Azarias. Ni mzee wa kanisa, wanamwita Ufunuo, na kila jambo kwake ni ishara.

— Kwa mume yalikuwa maji, alisema taratibu. Yamefika kwa mke yamekuwa jiwe. Mimi ningekuwa baba wa Umuhoza, ningeomba kwanza.

Neno hili lilimshtua Jovini kuliko ile dizeli. Likitoka humu likafika nyumbani kwa msichana, harusi itawekwa kwenye maombi, na maombi ya watu hawa yanaweza kwenda mpaka Pasaka. Angerudi na uso gani kwa kaka yake?

Mlango ukafunguliwa, baridi ikaingia, na nyuma yake Umuhoza mwenyewe, nywele zimeshasukwa za harusi chini ya kofia ya koti. Akawaamkia wazee, akainama juu ya kidumu.

— Baba mdogo, mafuta haya umeyatoa wapi?

— Nyumbani. Niliyajaza Septemba, vidumu vinne, tusije tukakwama. Jana nilipofika nikayatia, kikabaki hiki.

— Uliyatilia wapi?

— Pale kituo cha mafuta cha kona. Pana taa nzuri.

Umuhoza akamtazama, bila dharau hata kidogo.

— Baba mdogo, kwani pale hawauzi dizeli?

Jovini aliliona lori la mwaka tisini na tatu, walilokimbilia vita vya Burundi, lililoishiwa mafuta kabla ya mpaka wa Tanzania, na bibi yake mzee aliyeachwa kando ya lori kwa sababu miguu yake ilikuwa imekataa. Tangu siku ile hajasafiri bila kidumu. Angeanzaje kumweleza hayo binti aliyekulia Buffalo? Wazee wale watatu walikuwa wanatazama viatu vyao, na kila mmoja alikuwa na kidumu chake nyumbani, kimejaa.

— Basi, gari yangu ni ya petroli, alisema Umuhoza. Tunaenda nayo. Nitaendesha.

Ufunuo akasema haijapata kuonekana bibi harusi akajiendesha mwenyewe kwenda kwa mume. Akangoja mtu amuunge mkono. Utingo akainamisha chupa ya kahawa, ikatoa tone, ikaisha.

Jovini alisimama, na mkono wake ukaokota kidumu bila kuulizwa. Umuhoza alikuwa ameushikilia mlango kwa bega. Aliona. Jovini akakirudisha chini ya benchi, akatoka mikono mitupu.

Ndani ya gari alifunga mkanda, na macho yakamponyoka yakaenda kwenye mshale wa mafuta. Ulikuwa chini ya nusu.

— Tutanunua njiani, Baba mdogo, alisema Umuhoza, akawasha.