Miwani ya Kumi na Mbili

Ndugu, jamaa na majirani, nasimama kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya dada yetu, ambaye kazini walimwita Mama Rangi, nami mdogo wake naomba mnivumilie sauti ikitetemeka, kwani si msiba peke yake unaoitetemesha.

Alizaliwa tarehe 9 Mei 1964, katika vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha nguo, mtoto wa kwanza wa fundi wa kutia vitambaa rangi, akaanza shule Januari 1971, akahitimu fizikia chuo kikuu mwaka 1988, na tarehe 3 Machi 1989 akaajiriwa katika maabara ya mwanga, chumba namba saba, akichanganya rangi na plastiki kutengeneza utando mwembamba wa miwani ya kukinga macho, unaopitisha mwanga hafifu kama kioo, lakini ukipigwa na mwanga mkali wa leza huingia giza wenyewe, jicho likapona.

Tarehe 15 Desemba 1990 alifunga ndoa na shemeji yetu, seremala, mtu wa maneno machache, sijui kwa mke yule angepata wapi nafasi ya kuyasema, wakajaliwa binti mmoja, tarehe 20 Juni 1993, ambaye naye, mtoto wa nyoka ni nyoka, anafanya kazi chumba hichohicho.

Agosti 2023, leza kubwa ikiwa mbovu na watu wakisubiri, dada alipima miwani kumi na mbili ya utando mpya kwa taa ya kawaida, akaipitisha itumike maabara, yeye aliyefundisha wengine miaka yote kwamba taa hafifu haisemi lolote kuhusu utando ule. Tarehe 15 Januari 2024, siku tatu baada ya kuambiwa ana saratani ya ini, alipima kipande kilichobaki cha utando ule kwa leza iliyokwisha kutengenezwa, nacho hakikuingia giza.

Miwani kumi na moja ilirudishwa. Kifo hakukiogopa, aliogopa ile moja, kila asubuhi akituuliza kama imeonekana, nasi tukaogopa kumjibu, hadi tarehe 6 Aprili, saa nne asubuhi, alipokata roho mkono wake ukiwa mkononi mwa bintiye.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kukesha nasi, na wenzake wa chumba namba saba, ambao tunawasihi, miwani hiyo moja isiyoonekana haina alama, ukiitazama ni nzima kabisa, basi asivae mtu yeyote miwani isiyopimwa upya, na wewe binti yetu, unayesema Jumatatu unarudi kazini, tunakuogopea.

Dada, lala kwa amani, hofu yako umetuachia sisi.