Mzee Matiasi Nduwayo na Waya wa Kumsikilizia Mdogo Wake

Wapendwa waombolezaji, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Clarisse, mtoto wa kwanza wa marehemu. Sauti imebaki kidogo na sote tumechoka, kwa hiyo nitasoma polepole, mnivumilie.

Baba yetu, Mzee Matiasi Nduwayo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Muyinga, Burundi. Machafuko ya mwaka 1972 yalipotokea, alikimbilia Ngara pamoja na mjomba wake na mdogo wake, Speciosa, aliyekuwa na miaka sita. Karibu na mpaka watu walitawanyika kwa hofu, na mkono wa Speciosa ukamponyoka. Mjomba alimkataza kurudi nyuma. Baba hakulisimulia jambo hili zaidi ya hapo, nasi tulijifunza kutouliza.

Alisoma shule ya msingi hapa Mbuba kuanzia 1974 hadi 1980. Kisha alikwenda Biharamulo kujifunza ufundi wa redio kwa fundi Kazimili, ambaye naye ni marehemu, akakaa huko hadi 1985. Aliporudi alilima kahawa na migomba kama kila mtu, na redio za watu akazitengenezea barazani. Tarehe 8 Oktoba 1988 alifunga ndoa na mama yetu, Domisiana, binti wa hapa hapa Mbuba.

Katikati ya miaka ya tisini, idhaa moja ya masafa mafupi ilianza kusoma kwa Kirundi majina ya watu wanaotafutana. Tangu siku hiyo baba akawa mtu wa waya, ule wa kunasia mawimbi ya redio. Kwanza aliufunga kwenye bati, akapata mikwaruzo tu. "Ukifunga kwenye bati, unasikiliza bati," aliwaambia wateja maisha yake yote, hata wale waliokuja kubadilisha betri. Akachukua waya wa shaba, akautandaza juu kati ya mikaratusi miwili, ncha zake zikishikwa na shingo za chupa ili usiguse mti. Wengi walidhani waya ukiwa mrefu sana ndiyo bora. Yeye alisema ukizidi unaleta kelele za dunia nzima, akaupunguza, akasikiliza, akaupunguza tena.

Nguzo za umeme zilipofika mwaka 2017, tulidhani tumepona. Baba akakataa. Taa zile na chaja za simu, alisema, zinakoroma ndani ya redio. Majirani wakawasha, sisi tukabaki na koroboi.

Mama alimwambia, "Baba Clarisse, watoto wa wenzetu wanasoma kwenye mwanga. Sisi tunasubiri nini?"

"Jina likisomwa nisilisikie, yule mtoto nitamjibu nini?"

Kwa kweli tulichoka na yule mtoto ambaye hatukuwahi kumwona.

Mwishowe walipatana: umeme uingie ndani, waya uhame. Baba aliuhamishia waya bondeni, mbali na nyumba, akauunganisha na redio kwa kebo ya dishi, ile yenye wavu wa chuma ndani unaozuia kelele. Ili ng'ombe wasiikanyage, aliifukia chini ya matuta ya viazi vitamu, bila kumwambia mwenye matuta. Wakati wa kuvuna mama akaipiga jembe. Aliingia ndani ameshika vipande viwili. Baba akavitazama, akauliza, "Viazi vimekaa vizuri?" Halafu akaketi kuiunga.

Mwaka 2021 kipindi kilifungwa. Tulimwambia siku hizi watu wanatafutana kwa simu, na mdogo wangu Gidioni akaliweka jina la shangazi mitandaoni. Hakuna aliyejibu. Baba aliendelea kuketi kila jioni kwenye masafa yale yale, ambayo hayakuwa na mtu.

Novemba 2024 alianza kuvimba miguu. Moyo ulikuwa umechoka. Alilazwa hospitali ya Nyamiaga mara kadhaa, mama akamuuguza mpaka naye akawa anatembea kama mgonjwa. Alifariki alfajiri ya Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, mama akiwa kando yake.

Jana tulipokuwa tunaandaa maneno haya, katekista wetu, Mzee Philbert, aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, shangazi yako tumweke pamoja na waliotangulia? Imepita miaka hamsini na zaidi." Nilikuwa tayari kukubali, nilitaka tu nikalale. Mama alikuwa akitusikia. Akasema, "Kila Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, baba yenu alipeleka kanisani majina ya marehemu wake wote. La Speciosa hakulipeleka hata mara moja. Msimpelekee nyinyi."

Marehemu ameacha mjane, Domisiana, watoto watatu, Clarisse, Gidioni na Francisca, wajukuu watano, na mdogo wake, Speciosa Nkeshimana, ambaye mahali alipo hatupajui.

Mungu ampe baba yetu amani, asikae tena akisikiliza.